Pampu ya Maji au Pampu ya Hewa: Kutunza Chambo Hai Kwenye Boti Ndogo

Mvuvi wa boti ndogo anayetaka kufika mwambani na vibua walio hai ana njia mbili za bei nafuu: pipa la plastiki linaloingiziwa maji ya bahari kwa pampu ya volti 12, au ndoo yenye kifuniko inayopulizwa hewa kwa pampu ndogo ya betri za tochi.

Pampu ya hewa haihitaji kutoboa chochote, lakini inaongeza oksijeni tu. Amonia inayotolewa na samaki hubaki mle mle, na kwa kuwa maji ya moto hushika oksijeni kidogo, ndoo iliyoachwa juani huua chambo hata kama mapovu bado yanatoka. Inafaa kwa samaki wachache na safari fupi.

Kwa vibua, ambao hawatulii, ningechagua bila kusita pipa la mviringo la lita 60. Maji yaingie kwa ubavuni ili yazunguke, samaki wapate mkondo wa kuogelea na wasijigonge kwenye kona. Tundu la kutokea, lililo karibu na ukingo wa juu, liwe pana kuliko mpira wa kuingizia, la sivyo pipa litafurika ndani ya boti, na lizuiwe kwa kipande cha wavu. Gharama kubwa ni betri, ambayo isiwe ile ya kuwashia injini. Pipa likijaa huzidi kilo 60, kwa hiyo lifungwe imara katikati ya boti, chini kabisa.