Vijiti vya mkojo kwa mwenye lupus: kinachofaa kwenye kopo na kinachodanganya

Kwenye maduka ya vifaa tiba, kopo la vijiti vya kupima mkojo hukaa karibu na glavu na sirinji, na mnunuzi wake wa kawaida ni mwenye zahanati. Mwenye lupus, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, hulipita tu. Yeye ndiye wa kusimama hapo alinunue, kwa sababu lupus ikiingia kwenye figo haipigi hodi. Kiuno hakiumi, haja ndogo inatoka kama siku zote, na mpaka miguu ivimbe au uso uamke umejaa, figo zimekwisha kuumia kwa kitambo. Protini na damu huanza kuvuja mapema zaidi, na kijiti kinaziona.

Mapitio haya ni ya vijiti vya miraba 10, hasa Multistix 10 SG ya Siemens na Combur 10 ya Roche, pamoja na vile vya bei nafuu vyenye mpangilio unaofanana. Kwa kazi ya lupus miraba inayotakiwa kwa lazima ni miwili, protini na damu. Miraba ya chembe nyeupe za damu, nitraiti (dalili ya bakteria) na uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji inasaidia kutafsiri. Kwa hiyo vile vijiti vya sukari na protini peke yake, hata vikiwa rahisi, usivinunue kwa kazi hii. Havioni damu.

Mkojo mzuri ni wa kwanza wa asubuhi. Wa mwanzo uachwe upite, ukingwe wa katikati kwenye chombo kikavu ambacho hakikusuuzwa kwa dawa ya kuua vijidudu. Klorheksidini ikibaki kwenye chombo huleta protini ya uongo. Chovya miraba yote, toa papo hapo, buruta ukingo wa kijiti kwenye mdomo wa kikopo ili maji ya ziada yabaki, kisha kilaze. Ukikisimamisha, kemikali za mraba mmoja hutiririkia jirani yake na rangi zinachanganyika. Protini na damu soma sekunde ya 60, kwa saa, si kwa kukisia. Chembe nyeupe zisubiri dakika 2. Rangi inayojitokeza baada ya hapo haina maana yoyote, na kijiti kilichosahaulika mezani wakati mtu anajibu simu ni cha kutupa. Mraba wa protini hutoka njano kwenda kijani. Wa damu nao hupata vidoa vya kijani kwanza, kisha hukolea wote. Linganisha na chati kwenye mwanga wa mchana, maana tochi ya simu hubadilisha njano na kijani kabisa.

Halafu kuna hizi alama za kujumlisha, ambazo zinaharibu kumbukumbu za wagonjwa wengi. Kwenye Multistix, + ni miligramu 30 kwa desilita, ++ ni 100, +++ ni 300, na ++++ ni 2,000 au zaidi. Kwenye Combur, +++ ni 500. Mgonjwa aliyepimwa +++ huku na +++ kule anaonekana hajabadilika, kumbe vipimo havikuwa vya ngazi moja. Andika namba, na aina ya kijiti.

Pembeni ya namba hiyo andika uzito wa mkojo. Protini ya + kwenye mkojo mzito wa 1.030 inaweza kuwa ni kiu tu. Protini ya + hiyohiyo kwenye mkojo mwepesi wa 1.005 ni jambo la kufuatilia, kwa sababu maji mengi yameizimua na bado imeonekana. Homa na mazoezi makali huleta protini ya muda, na hedhi huleta damu, basi subiri siku chache ziishe. Vitamini C nyingi huficha damu kwenye vijiti vingi. Combur imetengenezwa ihimili hilo, na hapo inastahili sifa. Kwa aliyekulia Pemba, Unguja au ukanda wa pwani, damu kwenye mkojo inaweza kuwa kichocho. Mayai yatafutwe kwa hadubini kwenye mkojo uliokingwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati yanapotoka kwa wingi.

Udhaifu mkubwa wa bidhaa hii ni unyevu. Kopo likiachwa wazi kwenye meza ya maabara, mraba wa nitraiti huanza kuwa wa waridi wenyewe kabla haujaona mkojo. Majibu atakayopewa mgonjwa yanajulikana: "Una UTI," yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Funika kila unapotoa kijiti, usitupe kile cha kunyonya unyevu kilichomo, usiweke kwenye friji, na usivigawe kwenye vifuko vya nailoni. Baadhi ya watengenezaji huandika miezi 3 tangu kopo kufunguliwa, na mtu mmoja anayepima mara mbili kwa mwezi hawezi kumaliza vijiti 100. Likipatikana kopo dogo, chukua hilo.

Kuhusu hiyo UTI, hapa ndipo wahudumu wanapopoteza wagonjwa. Protini na damu zipo, nitraiti haipo, chembe nyeupe hazipo au ni kidogo: hiyo si picha ya UTI, na antibayotiki ya tatu mfululizo haitaigeuza. Hata chembe nyeupe zikiwepo, figo yenye lupus inaweza kuzitoa bila bakteria yeyote, hivyo mkojo uoteshwe maabara kwanza kutafuta bakteria. Kisha muulize mgonjwa kuhusu viungo vinavyokaza asubuhi, nywele kukatika, na vidonda visivyouma kwenye kaakaa. Mtazame usoni pia. Kwenye ngozi nyeusi ule upele wa mashavu na mgongo wa pua mara nyingi hauonekani mwekundu kama picha za vitabuni. Ni weusi uliokolea au wa zambarau, unaoruka mikunjo inayoshuka kutoka puani hadi mdomoni. Kati ya wagonjwa 10 wa lupus, takriban 9 ni wanawake, wengi wakiwa katika umri wa kuzaa. Kwa hiyo kliniki ya wajawazito nayo inahusika: protini inayoonekana kabla ya wiki ya 20 usiiite kifafa cha mimba. Tafuta ugonjwa wa figo uliotangulia mimba.

Kipimo cha damu cha ANA, kinachotafuta kingamwili zinazolenga viini vya seli za mwili wenyewe, kifuate dalili, kisizitangulie. Kwa kiwango cha 1:80, yaani damu ikizimuliwa mara 80, watu wazima kama 13 kati ya 100 huwa nacho chanya na ni wazima. Vigezo vya lupus vya 2019 vya EULAR na ACR, vyama vya Ulaya na Marekani vya magonjwa ya baridi yabisi, vinakitumia kama mlango tu, kisha pointi zifike 10, na protini inayozidi gramu 0.5 kwa siku inaleta 4.

Kwa aliyekwisha kugundulika, kupima nyumbani hakufuti vipimo vya kliniki. Protini ikitoka 100, au 30 mara mbili ndani ya wiki moja, omba kipimo cha maabara cha uwiano wa protini na kreatinini kwenye mkojo. Uwiano ukifika 0.5 (gramu kwa gramu), daktari wa figo atazungumzia kuchukua kinyama cha figo kichunguzwe. Usijiongezee prednisolone, dawa ya steroidi ya lupus, kwa sababu ya rangi ya kijiti.

Kijiti pia hakioni mirija ya chembe nyekundu, yaani chembe za damu zilizogandamana kwa umbo la mirija ya figo, ambayo ndiyo huonyesha moja kwa moja kwamba damu inatoka kwenye figo. Kwa hiyo mkojo uliobaki kwenye kikopo usimwagwe. Upelekwe kwenye hadubini ndani ya saa 2, maana mirija hiyo huyeyuka ikikaa.