Sapota ya mkono ya kulalia, kwa wenye baridi yabisi: nyota 3 na nusu

Jamani naandika kwa wenzangu wa baridi yabisi ambao usiku mkono unakufa ganzi mpaka unaamka unaupapasa kama sio wako. Mi ni fundi cherehani, huu ugonjwa ninao mwaka wa saba, maumivu ya viungo nishayazoea, ila hii ganzi ilikuja kivyake, gumba na vidole viwili vinavyofuata vinawaka moto, cha pete nusu yaani upande mmoja tu, kile kidogo hakina habari kabisa. Nikajua presha. Mama mkwe akasema ni upepo, nikapakwa mafuta ya karafuu wiki nzima nikanukia kama pilau.

Kliniki daktari akaniuliza kitu kimoja, ukiamka usiku huo mkono unaufanyaje? Nikamwonyesha navyoukung'uta kama natoa maji, akacheka, basi dada umeshajibu mwenyewe. Kumbe pale kwenye kifundo cha mkono kuna kanjia kembamba, kano za kukunja vidole zinapita humo na neva moja imebanana nazo, sasa baridi yabisi ikivimbisha ule utando wa kano, neva inakabwa, na ukilala umekunja mkono ndo unaikaba zaidi. Akaongeza dozi ya methotrexate, dawa yangu ya baridi yabisi (mara MOJA kwa wiki wapendwa, sio kila siku) akanambia nitafute sapota yenye bati ndani nilale nayo wiki sita hivi.

Nimeichukua Kariakoo 28,000, alianzia 45. Kitambaa kinapitisha hewa, sio zile za mpira unaamka mkono umelowa, mikanda mitatu ya kunata, na bati linatoka ukitaka kufua. Tatizo ni hilo bati, limekuja limekunjwa, mkono unatazama juu kama unasimamisha bodaboda. Siku nne za kwanza ganzi ikazidi, nikarudi dukani, naambiwa mali ikitoka hairudi. Nikampigia nesi wa kliniki akasema mkono unatakiwa unyooke, usiende juu wala chini, basi nikalitoa bati nikaligandamiza kwenye ukingo wa meza ya cherehani mpaka likanyooka, usiku ule nililala mpaka adhana ya alfajiri. Nyota nzima imeondoka hapo, maana kama hujui utaitupa. Na usiikaze sana, kidole kipite chini ya mkanda.

Nusu iliyobaki nimeikata kwenye mikanda. Mwezi wa pili imejaa nyuzi hainati vizuri, halafu asubuhi vidole vyetu vimekakamaa, kuivua shughuli, aliyeibuni hajawahi kuamka na baridi yabisi huyo. Mi nafungua kwa meno.

Ila isikudanganye eti inaponya. Mkono wa kulia umetulia, wa kushoto nilichelewa, ile nyama ya chini ya gumba ilishaanza kubonyea na mkasi unanidondoka, huo nimepimwa neva kwa umeme, nikachomwa sindano ya steroidi pale pale kwenye kifundo, ikikataa nachanwa. Na kama ganzi iko mikono yote MPAKA miguuni, miguu mizito unajikwaa hovyo, shingo inauma hadi kisogoni, acha habari ya sapota nenda hospitali haraka, baridi yabisi ya muda mrefu inaweza kulegeza pingili mbili za juu kabisa za shingo zikabana uti wa mgongo. Kwa hiyo kaka zangu wenye ugonjwa huu, yule kinyozi anayemalizia kwa kukuvunja shingo kooo, mwambie leo hapana.

Saizi: pima mzunguko wa kifundo, mi sentimita 17 nikavaa M imenikaa. Ya kulia na ya kushoto ni tofauti, angalia gumba linatokea wapi kabla hujalipa. Chukua nyeusi, ile ya rangi ya ngozi wiki moja tu inakua kama dekio.