Dodoso la NAQ-R: kipimo kizuri cha uonevu kazini, likitumiwa vizuri

NAQ-R ni kifupi cha Negative Acts Questionnaire-Revised, yaani dodoso la vitendo vibaya lililoboreshwa. Ubora mkubwa wa dodoso hili la watafiti Einarsen, Hoel na Notelaers (2009) ni kwamba vitendo vyake 22 havitaji neno uonevu. Mtu huulizwa tu, ndani ya miezi 6 iliyopita, ni mara ngapi alifichwa taarifa za kazi, alisengenywa au alipewa muda usiotosha. Majibu ni 1, "haijatokea", hadi 5, "kila siku". Kwa hiyo asiyeguswa hupata 22, si sifuri, na hapo wengi hukosea hesabu. Alama 33 hadi 44 ni dalili ya uonevu. 45 na zaidi, hali ni mbaya. Halionyeshi nani anaonea. Na likikusanywa na bosi, pamoja na majina, halifai kitu: waoga watajaza 1 kote.