Spesa ya pumu: kidirisha nimekipenda, filimbi sitaki kuisikia

Haya wadau, msimu wa kupulizia salfa mikorosho ndio huo umeingia, na komenti zenu zote zinasema kitu kimoja: tuonyeshe spesa. Hii hapa: upande mmoja unachomeka pampu ya pumu, upande wa pili unavutia dawa. Kopo la plastiki! Nimetoa elfu thelathini na nane kwa kopo la plastiki, wakati pampu yenyewe ya bluu, ile ya kufungua kifua kikibana, haifiki hata nusu ya hela hiyo. Kwa hiyo leo siongei kwa upole, nimeanza na hasira.

Mambo ya ujazo na urefu siyasomi, boksi mnaliona. Twende kwenye kazi yake.

Sogeza kamera, mdogo wangu. Zaidi. Hapo hapo. Nyuma nimetundika kitambaa cheusi, dirisha nimefunga maana kusi leo inavuma vibaya. Pampu hii ni mpya, na ikiwa mpya inapulizwa hewani kwanza kabla hujaitumia, kwa hiyo msiniambie napoteza dawa. Tazama. Psss! Umeona inavyochomoka? Kasi hiyo ndiyo inayokugonga kooni. Unabonyeza, unasikia uchungu kwenye ulimi, unasema nimevuta. Hujavuta, dada yangu, umemeza. Kilichofika kwenye mapafu ni kidogo sana.

Sasa naichomeka huku nyuma ya spesa. Natikisa, nabonyeza mara moja tu. Angalia ndani... ukungu huo! Umebaki humo humo. Matone makubwa yanagota kwenye kuta za kopo badala ya kugota kooni kwako, yale madogo yanaelea. Huhitaji tena kubonyeza na kuvuta kwa nukta ileile, jambo linalowashinda watu wazima, sembuse mtoto wa miaka mitatu. Ila usianze kupiga stori, ukungu haukai muda mrefu.

Na hiki sasa ndicho kilichonipoza hasira. Unaona hapa juu, karibu na mdomo? Kuna kidirisha, ndani yake kiplastiki chembamba. Ni muda wa dawa yangu ya asubuhi, ile ya kahawia ya kutuliza uvimbe ndani ya kifua, ngoja nivute mkiwa mnatazama. Natoa pumzi kwanza. Midomo naibana vizuri. Nabonyeza... (kiangalieni hicho kiplastiki) ...navuta polepole... kimelala! Nabana pumzi, hesabu mpaka kumi kama unaweza. Basi. Kama dozi yako ni mbili, unatulia kidogo, unatikisa, unarudia. Usibonyeze mbili kwa mpigo ndani ya kopo, zinagongana zinashika kuta.

Kwa mtoto unavalisha barakoa, unabonyeza, unamwacha apumue kawaida mara tano au sita huku unahesabu kidirisha kinavyocheza. Kisipocheza, barakoa inavuja pembeni au mtoto kabana pumzi. Mama hana haja ya kubahatisha. Hicho kidirisha peke yake, wallahi, ningekilipia.

Filimbi sasa. Ukivuta kwa pupa inalia, fiiii, kukuonya upunguze kasi. Wazo zuri kwenye makaratasi. Mpe mtoto uone! Anavuta kwa nguvu makusudi ailize, na wenzake wanapanga foleni. Na mtu mzima aliyebanwa kifua anavuta kwa pupa kwa sababu kabanwa, halafu kopo linampigia filimbi kama trafiki. Hapana, sijaipenda.

Tena kubwa. Haiingii mfukoni. Wenzetu wa Tandahimba na Newala wanaotoka alfajiri kupulizia mikorosho, upepo ukiwa umelala, wataibeba wapi? Na hao ndio wanaoihitaji, kwa sababu salfa ile ya unga inayoua ubwiriunga kwenye maua ya mkorosho ikiingia kwenye kifua cha mwenye pumu, anajua mwenyewe. Ukiwa na pumu, kazi ya kushika bomba mpe mwingine, na siku ya kupulizia kaa mbali na shamba. Video ya barakoa za kuvaa shambani inakuja. Na kabla sijasahau, video sasa zitakuwa Jumapili badala ya Ijumaa, mtandao wa Ijumaa jioni umenichosha. Sabskraibu ni bure.

Mmeuliza pia ile mashine ya mvuke, nebulaiza. Jamani, kwa shambulio lisilo la kutisha, pampu ndani ya spesa inafanya kazi sawa na hiyo mashine. Mashine inataka umeme, na sisi gesi ya Mnazi Bay tumekaa juu yake lakini umeme ukiamua kukatika unakatika. Spesa haina waya.

Kujifukiza je? Najua bibi zetu watanisema. Mafua yakikuziba pua unaweza kusikia nafuu, sawa. Lakini mvuke wa mwarobaini hauzibui njia ya hewa iliyobanwa na pumu, wengine unawabana zaidi, na sufuria la maji ya moto chini ya shuka na mtoto ni hatari tupu. Pua yenyewe isidharauliwe: aleji ya pua isipotibiwa inakichokoza kifua. Piga chafya kila asubuhi ukaseme mafua wakati ni vumbi la godoro... muulize daktari dawa ya kupuliza puani. Piritoni, kile kidonge cha aleji, inakulaza tu kwenye bodaboda. Na mafua ya kawaida hayasikii antibayotiki, acheni kununua vidonge vitatu vitatu dukani.

Turudi kwenye elfu thelathini na nane. Huna? Chukua chupa ya maji ya nusu lita. Sitanii. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walichapisha kwenye jarida la Lancet matokeo ya kuwapa dawa watoto waliobanwa: chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawasawa na spesa ya dukani. Isiyozibwa ilikuwa chini, kikombe cha plastiki ya povu, nacho walikijaribu, ndicho kilichoshika mkia. Unatoboa kitako tundu la umbo la mdomo wa pampu, unaichomeka ibane, unaziba pembeni hewa isivuje. Mdomo wa chupa ndio unaovutia. Kidirisha huna, lakini filimbi pia huna!

Usafi: maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, halafu iache ikauke yenyewe. Usiifute na kitambaa. Ukiisugua plastiki inapata chaji, dawa yote inanasa kwenye kuta. Na ukishavuta ya kahawia sukutua mdomo uteme, la sivyo utaota utando mweupe. Wanaoelesha kopo la dawa kwenye maji kuangalia kama imebaki, haipimi kitu. Nyingi zina mivuto 200, andika tarehe uliyoanza.

Nyingine muhimu: ya bluu inafungua tu, haitibu uvimbe ndani. Ukiikimbilia kila siku, pumu yako haijadhibitiwa, nenda kliniki. Na mtu akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikabadilika rangi, au bluu haimpi nafuu, hapo hakuna spesa wala video, ni hospitali ya Ligula au kituo cha afya kilicho karibu, sasa hivi, huku mnaendelea kumpa dawa njiani.

Kwa mtoto, nunua yenye kidirisha. Mtu mzima mwenye mkono mzuri wa kutoboa chupa, baki na hela yako. Na nyie mnaouza yenye barakoa ndogo hapa Mtwara Mjini, andikeni bei hapo chini. Bei! Atakayeandika "njoo inboksi" namfuta.