Kipimo cha radoni cha plastiki: kinafaa nyumba za Mwanza?

Radoni ni gesi ya mionzi isiyoonekana wala kunusika, itokayo kwenye urani ya miamba na udongo, ikapenya ndani ya nyumba; kuivuta kwa muda mrefu kunaweza kuleta saratani ya mapafu. Vipimo vyake vya kuagiza mtandaoni viko vya aina tatu: kopo la makaa, kidude cha plastiki na mashine ya betri. Kwa Mwanza, chukua plastiki, ingawa hakina taa wala namba na kinakaa ukutani miezi mitatu kimya.

Makaa yanaangushwa na safari. Kopo hukaa ndani siku 2 hadi 7, kisha liwahi maabara, maana radoni iliyonaswa hupungua nusu kila siku 3.8. Kifurushi kikitoka Nyegezi kwa basi, kikangoja Dar es Salaam, kikapanda ndege, siku 15 zikaisha, imebaki sehemu 1 ya 16 hivi. Maabara hufidia kwa hesabu, lakini kosa linakua. Unyevu wa masika nao huwahi nafasi ya gesi ndani ya makaa. Tena nyumba inatakiwa ifungwe kwa muda wa saa 12 kabla ya kuanza, na ibaki imefungwa. Nani Igogo au Mabatini analala hivyo kwa joto lile? Utakuwa umepima nyumba isiyoishi mtu.

Ndani ya kidude mna kipande cha plastiki kiitwacho CR-39. Chembe za alfa, zinazorushwa na radoni inapovunjika, zikikigonga huacha makovu; maabara hukitia katika sodiamu haidroksaidi ya moto, makovu yakapanuka, yakahesabiwa kwa hadubini. Hayafutiki njiani, hata posta ikichelewa.

Fungua mfuko wa foili siku ya kuanza tu, uandike tarehe na saa. Maabara hugawanya jumla ya makovu kwa muda, hivyo ukiandika siku 90 kumbe zilikuwa 76, jibu linashuka karibu asilimia 16. Ukimaliza, kizibe tena kwenye foili, la sivyo kitaendelea kuhesabu radoni ya ghala la mizigo. Agiza viwili: kimoja kibaki hakijafunguliwa, kirudi pamoja na kingine, kionyeshe kilichookotwa njiani.

Kitundike chumba cha kulala cha chini, sentimita 50 hadi mita 1.5 kutoka sakafuni, mbali na dirisha na feni. Si jikoni, si bafuni, si kabatini. Kwa nyumba zilizochongwa mlimani, anza na chumba kinachoegemea mwamba. Kagua mara moja moja, nyigu wasizibe matundu kwa udongo. Matokeo ya jirani usiyaazime: urani hutofautiana mwamba hadi mwamba, na nyufa za sakafu hazifanani.

Kasoro yake ni kukupa namba moja tu, bila kutenga usiku na mchana. Hapo mashine ya betri, mfano Airthings Corentium Home, inakishinda, hasa baada ya marekebisho ya kupunguza gesi. Mwenye nyumba kadhaa za kupangisha ataizungusha, ila aipe kila chumba wiki kadhaa.

Tangu 2009 Shirika la Afya Duniani linashauri radoni isizidi bekereli 100 (kipimo cha mionzi) kwa mita ya ujazo, au isizidi 300 pale 100 isipofikika. Kwa mvutaji sigara, hatari ya saratani ya mapafu ni kubwa zaidi kwa kiwango kilekile. Kuziba nyufa kwa saruji peke yake mara nyingi hakutoshi. Linalofanya kazi ni bomba la inchi 4 kutoka chini ya sakafu hadi juu ya paa, lenye feni isiyozimwa. Umeme ukikatika, gesi inarudi kupanda, kwa hiyo fungua madirisha.