Mfuko wa mabaki ya bucha kwa mbwa, Mbeya: ununue au uache?

Mfuko wa mabaki wanaouza mabucha ya Mbeya huwa na mapafu, koo, mafuta na mifupa. Mbwa huufakamia, na mfupa mbichi wenye nyama humsugua meno vizuri. Ila kama mlo kamili haujitoshelezi: nyama bila mfupa ina kalsiamu kidogo mno, na mtoto wa mbwa atapinda miguu. Mbwa mzima wa kilo 20 hupimiwa gramu 400 hadi 600 za chakula chote kwa siku, maini yasizidi gramu 30.

Kasoro kubwa ni hayo mapafu, na maini yakiwemo. Yapasue kwanza. Ukiona vifuko vyenye maji, teketeza au fukia shimo refu. Humo mna watoto wa tegu wa hidatidi, mnyoo ambaye mbwa akiwala hukulia utumboni mwake, kisha mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa na kumwambukiza binadamu. Na baridi ya Uyole si friza ya kuwaua, isikudanganye. Kitimoto kibichi? Hapana. Nyama ikate vipande vidogo, chemsha nusu saa. Mifupa usiipike, maana ikiiva hupasuka ncha kali na kutoboa utumbo. Ubao na kisu vioshwe kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kugusa mboga.