Kliniki ya viungo, Upanga, Dar es Salaam: nenda siku kidole kimevimba

Natibiwa kwenye kliniki hii tangu Machi mwaka jana. Nawapa nyota nne kati ya tano, na ninaandika kwa ajili ya yeyote anayehangaika kama nilivyohangaika mimi.

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Kariakoo. Karibu miaka miwili nilikuwa napatwa na kitu nisichoweza kukieleza. Jioni kidole cha shahada kinaanza kuwaka moto, usiku kimevimba, ngozi imevutika inang'aa, mkasi haushikiki. Kesho kutwa nikiamka, kizima. Natunga uzi kwenye sindano kama kawaida. Wiki tatu baadaye ni zamu ya goti, halafu kiwiko. Jamani, ugonjwa unaoondoka kabla hujafika hospitali unakufanya uonekane mwongo. Sehemu moja niliambiwa ni uchovu wa kazi. Nyingine wakapima asidi ya yuriki wakidhani ni jongo, ikawa sawa, wakanipa diklofenaki. Eksirei ya mkono ilitoka safi. Mume wangu mwenyewe alishaanza kuniuliza kama kweli naumwa.

Na mimi nilikuwa na hofu yangu. Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na baridi yabisi. Vidole vilimpinda vyote kuelekea upande mmoja, kikombe cha chai akakishika kwa viganja viwili kama mtoto. Watoto wangu watatu wanasoma kwa mikono hii.

Siku ya kwanza nilifika sina hata dalili ya uvimbe. Daktari, mama mtu mzima, hakuniambia "mbona huna kitu". Aliniuliza kama nina picha kwenye simu. Sikuwa nayo. Akasema, "Kikikuanza tena mama, piga picha, kisha njoo siku hiyohiyo. Usingoje tarehe yako. Waambie mapokezi nimekuita mimi." Miaka miwili ya kuzunguka, hakuna aliyewahi kuniambia neno hilo.

Haikupita hata mwezi, kikanianza alfajiri. Safari hii kidole cha pete, na pete ya ndoa imezama kwenye nyama. Nikachukua bajaji, nikapokelewa bila miadi kweli. Muuguzi akajaribu sabuni, pete ikagoma. Nikamwambia, dada yangu, mimi nina uzi. Nikatoa bobini kwenye mkoba. Akapenyeza ncha chini ya pete, akauzungusha uliobaki kwenye kidole akiubana, mzunguko kwa mzunguko mpaka ukapita kifundo. Kisha akaanza kuufungua kutokea chini, pete ikawa inapanda nao taratibu. Nililia. Naye anasema pole, pole mama, imebaki kidogo. Pete ilitoka bila kukatwa, ninayo mkononi ninapoandika.

Damu ilichukuliwa saa ileile, kidole kikiwa bado kimevimba. Majibu: kipimo cha anti-CCP, kile kinachotafuta kwenye damu kingamwili za baridi yabisi, kilikuwa juu. Daktari akanipa jina la ugonjwa, rumatizimu ya palindromiki. Akaandika neno "ama" kwenye karatasi, akaniambia lisome kuanzia mbele, halafu kuanzia nyuma. Jina lenyewe ni la Kigiriki, lina maana ya kukimbia kurudi ulikotoka, na walioueleza ugonjwa huu ni madaktari wawili wa Marekani, Hench na Rosenberg, mwaka 1944. Unakuja kwa saa kadhaa au siku chache, unaondoka, kiungo kinabaki kama kilivyokuwa. Ndiyo maana eksirei yangu ilikuwa safi.

Nikamuuliza moja kwa moja: ni ugonjwa wa shangazi huu? Alinijibu bila kunificha. Wapo wanaobaki na mashambulizi ya kuja na kuondoka miaka mingi, wapo ambao yanakoma, na wapo, makadirio ya kawaida ni kama theluthi, ambao mwishowe wanaingia kwenye baridi yabisi yenyewe, ile isiyoondoka na inayokula gegedu na mfupa. Anti-CCP ikiwa juu, uwezekano huo unaongezeka. Kwa hiyo bado sijafika kwa shangazi, ila niko kwenye njia inayoweza kufika. Akanitajia vya kuangalia: uvimbe uliokaa wiki nzima bila kuondoka, mikono yote miwili kuvimba pamoja, viungo kukakamaa asubuhi zaidi ya saa moja.

Dawa ni haidroksiklorokwini, ndugu yake klorokwini tuliyokuwa tunameza kwa malaria kabla haijaachwa hapa nchini mwaka 2001. Nilikumbuka muwasho ule nikasita, lakini hii haijaniwasha. Walinipima uzito kwanza, maana kipimo cha dawa kinafuata kilo zako, wakanituma kwa daktari wa macho, kwa sababu ikitumika miaka mingi inaweza kudhuru retina. Nilisubiri kama miezi mitatu ndipo nikaona tofauti. Zamani nilikuwa naumwa mara mbili au tatu kwa mwezi. Miezi minne hii nimeumwa mara moja, kiwiko, usiku mmoja.

Nyota moja nimeiondoa kwa haki. Majibu waliahidi siku tatu, yakachukua nane, na simu hakuna aliyepiga, nilifuata mwenyewe. Kliniki iko ghorofa ya tatu na mara mbili nimekuta lifti imekufa. Nilimwona babu mmoja anapanda ngazi kwa makalio, ngazi moja moja, mjukuu nyuma amebeba viatu vyake. Kwa kliniki ya viungo hilo halivumiliki. Na anti-CCP bima yangu ilikataa, nikalipa mfukoni, kwa hiyo ulizeni bei kabla.

Daktari yupo Jumatatu na Alhamisi. Kama kiungo kimekuvimba siku nyingine nenda tu, muuguzi atachukua damu, faili litamsubiri. Piga picha kabla hujatoka nyumbani, na weka kitu pembeni ya kidole, sarafu au kifungo, ukubwa uonekane.